Gunia la Pumba

Mimi sikwenda Mkandaa kutafuta mwanamume. Nilikwenda kulala. Hilo lijulikane tangu mwanzo, maana Kibiti kwetu maneno hayana breki, na wapo wanaoapa mpaka leo kwamba nilipanga yote nikiwa nyuma ya cherehani yangu.

Aliyepanga ni Yasmin. Huyu ni shoga yangu tangu tulipokuwa tukigombea mkeka madrasa, na siku hizi ana duka la dawa mkabala na kibanda changu cha ushonaji. Jumatatu ile alinikuta nimeshona mkono wa gauni la watu kwenye shingo. Akanisogeza, akakaa kwenye kiti changu.

"Biasha, una nini?"

"Sina kitu."

"Mtu asiye na kitu hashoni mkono shingoni. Ni habari ya Abdulswamadu?"

Abdulswamadu ni mfanyabiashara wa nafaka wa Ikwiriri. Mtu mzuri, sitamsingizia, ana adabu na sauti ya chini. Alikuwa ameleta posa kwa baba yangu, Mzee Mfaume, na Baba alikuwa ameahidi kutoa jibu Ijumaa baada ya swala. Baba si mtu wa kumlazimisha mwanawe. Aliniuliza, nami nikamwomba anipe muda. Sasa muda wenyewe ulikuwa unakwisha, na moyo wangu ulikuwa kimya kabisa juu ya yule bwana. Ungekuwa kimya juu ya watu wote ningeshukuru. Kulikuwa na mmoja haukumnyamazia.

"Twende tukapumzike," Yasmin akasema. "Ule, ulale, uangalie bahari. Ijumaa ikifika utakuwa unajua kama ni ndiyo au hapana. Ukibaki hapa utawashonea watu suruali za miguu mitatu."

Basi Jumatano asubuhi tukashuka Nyamisati, tukapanda boti ya hoteli, tukapita katikati ya mikoko mpaka Mkandaa. Ni hoteli ndogo ya ufukweni, upande wa kwenda Kiongoroni. Vibanda vya makuti, vitanda vya kamba chini ya mivinje, mchanga unaowaka kwa weupe. Nilivua viatu, nikavuta pumzi mpaka tumboni. Yasmin alikuwa ameshajitupa kitandani, miwani ya jua usoni, anajiita mama wa kitalii.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Karibu, mke wangu! Mbona umekonda hivyo, huko Kibiti hawapiki?"

Sikugeuka. Nilimgeukia Yasmin kwanza.

"Ulijua yupo hapa?"

"Mimi? Wallahi, nilijua kuna mpishi. Sikuuliza jina la mpishi." Akavuta miwani juu vizuri, asije akaonekana macho.

Huyo mpishi ni Sadala, mtoto wa shangazi yangu Mwanamina wa Mbwera. Na kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako. Anakuita mke wangu, unamwita mume wangu. Anakunyang'anya mnofu sahanini mbele ya wageni, unamficha viatu siku ya msiba, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Sadala ameniita mke wangu tangu sijaota meno. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namrushia maganda ya muhogo. Nilipokuwa mkubwa, sijui ni lini hasa, lile neno likaanza kuniingia. Akija Kibiti nikawa nalisubiri. Asipolisema haraka nikawa natengeneza sababu ya kupita mbele yake.

Nami ningemwambia nani? Ukimpenda mtani wako, hata ukilia watu watacheka. Na yeye tangu mavuno ya mpunga alikuwa hajakanyaga kwetu. Si simu, si salamu, si hata wa kumtuma. Leo ndiyo namwona, kavaa aproni, kashika sinia la madafu, anacheka kwa meno ya mbele tu.

"Mume wangu gani huyu," nikasema, "anayemtelekeza mkewe tangu mavuno?"

Kicheko kikamkauka. Akaweka sinia juu ya stuli.

"Nasikia unaolewa na gunia la mahindi la Ikwiriri," akasema, bila kunitazama. "Hongera. Chakula cha mchana ni pweza wa nazi."

Akaenda zake. Mgongo wake ulikuwa umenyooka mno kwa mtu aliyekuwa anatania.

"Umeona?" nikamwambia Yasmin. "Hata habari za kuolewa kwangu kwake ni mchezo."

"Mimi nimeona mtu anayekimbia," Yasmin akasema. "Kunywa dafu."

Tulikula, tukaswali, tukalala. Pweza alikuwa mlaini hata nikachukia, kwa sababu nilitaka apike vibaya. Alasiri joto likazidi, Yasmin akataka barafu kwenye juisi yake ya ukwaju. Nikasema nitaifuata mwenyewe. Yasmin akanitazama, akainuka, akajifunga kanga.

"Huendi jikoni kwa mwanamume peke yako. Twende. Mimi nitakuwa natazama sufuria."

Jiko la Mkandaa liko nyuma, wazi, chini ya paa la makuti. Jenereta huzimwa mchana, kwa hiyo barafu inaletwa kwa boti ikiwa mapande makubwa, inafukiwa ndani ya pumba za mpunga isiyeyuke. Sadala alikuwa anapaa samaki. Akanyoosha kisu tu, kuonyesha sanduku kubwa la mbao pembeni. Nikafunua mfuniko.

Barafu ilikuwa imelazwa ndani ya gunia lenye pumba. Na ubavuni mwa gunia kulikuwa na kiraka cha kitenge cha manjano chenye manyoya ya tausi.

Nilikijua kile kitenge. Kilibaki kwenye gauni la mama mkwe wa mwalimu mkuu. Kiraka nilikitia mimi.

"Sadala, hili gunia ni letu."

"Lilikuwa lenu. Mkanipa."

"Nani alikupa?"

"Mke wangu, usinifanye mtoto."

"Usiniite mke wangu! Nakuuliza gunia la kwa baba yangu limefikaje kwenye barafu yenu."

Akaweka kisu chini. Akanawa mikono polepole, kidole kimoja kimoja, kama vile alikuwa anapima aseme au asiseme.

"Ni jibu la posa yangu," akasema.

Nilisikia Yasmin nyuma yangu akiangusha mfuniko wa sufuria.

"Posa ipi?"

"Baada ya mavuno nilileta posa kwenu. Nilimtuma mzee Amri."

"Amri?" Nilipaza sauti mpaka kuku wakakimbia. "Ulimtuma Amri kuposa? Sadala, una akili timamu? Amri ni mtani wa Baba! Msiba wa babu alishuka kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo! Huyo ndiye mshenga wako?"

"Ndiye mzee ninayemheshimu. Ndiye aliyenifundisha kuvua na kupika. Nilimwambia, baba, nenda kwa uzito. Akaazima kanzu, akavaa kofia."

"Ndiyo maana!" Nikashika kichwa. "Ndiyo maana Baba alicheka mpaka akakohoa! Jioni ile aliniambia, Amri kaja na kanzu ya kuazima, ati ana kijana wake hapati usingizi kwa ajili yako. Akasema leo nitamkomesha. Akajaza gunia pumba, akaniletea nilishone mdomo. Akasema ni mahari ya Amri. Jina lako halikutajwa, Sadala. Baba alidhani hakuna kijana wala nini, ni Amri na vituko vyake vya kila mwaka!"

Sadala alikuwa amenikazia macho sasa, yale macho yake makubwa ambayo siku zote huyaficha kwenye kicheko.

"Amri mwenyewe aliniambia hajui," akasema. "Alilitua gunia mbele yangu, akasema, mwanangu, Mfaume kanijibu hivi, na mimi sijui kama katania au kakataa. Nikatazama mshono. Nikajua ni kweli."

"Mshono?"

"Uzi mwekundu, wa kurudia, na mafundo mawili mwishoni. Hakuna fundi mwingine Kibiti anayefunga mafundo mawili. Nikasema mjomba angeweza kutania. Lakini kama binti mwenyewe kakaa na sindano yake, akashona pumba zangu mpaka fundo la mwisho, basi kanikataa. Na kanikataa kwa kicheko."

Jamani! Nilikumbuka nilivyoshona nikiimba. Nikakumbuka Baba anacheka barazani, nami nacheka, na kule Mbwera mtu amekaa anasubiri jibu langu.

Nikainama kwenye sanduku, nikaligeuza gunia ili nisimwonyeshe uso. Ndipo nikauona mdomo wake. Uzi mwekundu ulikuwepo wote, mshono kwa mshono, na mafundo yake mawili. Gunia lilikuwa limefunguliwa upande wa chini.

"Mbona hukufungulia mdomoni?" nikauliza.

Akafuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Sikutaka kuukata mshono wako," akasema.

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa kamasi, nimeshika gunia la pumba zenye maji. Yasmin akageukia bahari, akajidai anahesabu mitumbwi. Sadala akasogea hatua, akasimama, mikono imemning'inia.

Nilipomaliza nikajifuta kwa ncha ya mtandio. Machozi yalikuwa yametosha. Kulikuwa na kazi.

"Ijumaa Baba anatoa jibu kwa watu wa Ikwiriri," nikasema. "Kesho posa yako ifike upya."

"Siwezi." Alisema haraka, kama aliyekuwa nalo neno tayari. "Posa juu ya posa haifai. Yule bwana hajanikosea."

"Wala mimi hajanikosea. Lakini yake haijajibiwa, na yako ilitangulia. Nani kaja juu ya nani?"

"Ana duka, Biasha, ana—"

Akakatiza. Sote wawili tulisikia. Katika maisha yetu yote Sadala hakuwahi kunitaja jina. Mke wangu, bibi harusi, mama watoto, kizee changu, majina yote ya utani nilishayavaa. Jina langu halikuwahi kupita mdomoni mwake.

"Umesemaje?" nikauliza.

"Nimesema ana duka."

"Kabla ya hapo."

Akatazama chini. Masikio yalikuwa mekundu kwa weusi wake wote ule.

"Sadala, nisikilize. Tangu tuko wadogo unaniita mke wangu mbele ya watu, na watu wanacheka. Leo nataka neno moja ambalo hakuna mtu atakayelicheka. Unanitaka au hunitaki? Bila utani. Ukitania tu, naondoka, na Ijumaa Baba atampa Abdulswamadu ndiyo, nami nitakuwa mke mwema Ikwiriri. Naapa."

Akafungua mdomo. Niliona kabisa mzaha unakuja, niliuona pembeni mwa midomo. Akaumeza. Ilikuwa kazi ngumu, hata jasho lilimtoka.

"Biasha," akasema.

Basi. Hakuongeza. Lakini alivyolisema, nilijua angeongeza lolote angeliharibu.

Yasmin, ambaye inasemekana alikuwa anahesabu mitumbwi, akasema bila kugeuka, "Alhamdulillahi. Sasa mtu aniletee barafu."

*

Kwa simu isingewezekana. Baba hasikilizi neno la ndoa kwenye simu, anasema ndoa si vocha. Amri asingeweza kurudi, angepewa gunia la pili. Alitakiwa mtu ambaye Baba hana utani naye, na mtu huyo alikuwa mmoja tu: dada yake, shangazi yangu Mwanamina. Lakini shangazi tangu mavuno alikuwa amemnunia kaka yake, na Baba hakujua kwa nini. Alikuwa analalamika kila siku kwamba dada yake kawa mkali kwa sababu ya uzee.

Alhamisi asubuhi, maji yalipojaa, nahodha wa hoteli akatupeleka Mbwera, mimi, Yasmin na Sadala. Gunia nilikuwa nimelikung'uta pumba zote na kulianika juani jana yake. Nililikunja, nikalipakata.

Shangazi alikuwa uani anapepeta. Akaniona. Hakuinuka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kutucheka mbele ya macho yetu?"

Nikapiga magoti mbele ya ungo wake. Sikuzunguka. Nikamweleza kanzu ya kuazima, kicheko cha Baba, sindano yangu, yote. Alisikiliza huku anapepeta, na makapi yananirukia usoni. Nilipofika kwenye jina la Amri alisita. Akamtazama mwanawe.

"Ulimtuma Amri?"

"Ndiyo, mama."

"Yule wa jogoo wa kaburini?"

"Ndiyo, mama."

"Subhanallah! Nimezaa mjinga." Akaweka ungo chini. "Na mimi uliniambia mshenga. Nikadhani ni mtu! Miezi yote hii sijamjulia hali kaka yangu, tumenyonya ziwa moja mimi na Mfaume, kwa ajili ya Amri!"

Akanigeukia, na sauti yake ikashuka.

"Na wewe, Biasha. Mume ni wako, si wa baba yako wala wangu. Huyu mjinga unamtaka kweli? Huku kwetu hakuna lami. Maji yakikauka hutoki mpaka yarudi. Abdulswamadu atakuweka penye umeme."

"Cherehani yangu ni ya kukanyaga, shangazi. Haitaki umeme."

Akanitazama sana. Halafu akainuka, magoti yakalia, akaingia ghalani. Alirudi na mpunga, ungo baada ya ungo, mpunga wa shamba lake, na maganda yake, haujatwangwa. Nikaufungua ule upande wa chini wa gunia, Sadala akalishika, shangazi akamimina mpaka likajaa. Mdomo hatukuugusa. Nikatoa sindano kwenye mkoba wangu, maana mimi bila sindano siendi popote, hata kwenye mapumziko. Uzi ulikuwa ule ule mwekundu. Nikashona mbele ya mama yake, mshono wa kurudia. Mwishoni nikafunga mafundo mawili, nikakata kwa meno.

"Mpelekee Baba," nikasema. "Mwambie pumba zake zimerudi na punje."

Shangazi akajitanda kanga, akapanda boti ile ile kwenda Nyamisati na gunia lake. Alikaa mbele, uso kama kadhi. Boti ilipomfikisha ikarudi kutuchukua, tukarejea Mkandaa kusubiri.

Siwatakii kusubiri kule. Yasmin alinilazimisha nilale kitanda cha kamba chini ya mvinje.

"Pumzika!"

"Nimepumzika."

"Unatingisha mguu mpaka mti unapukutika. Tumekuja kustarehe, Biasha. Starehe!"

Sadala alipika wali akaunguza. Mgeni mmoja Mzungu akauliza kama ndivyo unavyopikwa huku, Yasmin akamjibu kwamba ndiyo, siku za posa. Nilitembea ufukweni mpaka mwisho, nikarudi. Nilimfikiria Abdulswamadu pia, na nikaazimia kwamba, liwalo na liwe, atasikia hapana yake kwa heshima, na mapema, si kwa gunia. Hata Baba akimkataa Sadala, ndiyo yangu haiendi Ikwiriri. Hilo lilikuwa limekwisha ndani yangu, na nilipoligundua mguu ukaacha kutingishika.

Simu iliita jua likiwa bado juu ya mivinje. Ilikuwa namba ya Baba. Baba huzungumza kwenye simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, kwa hiyo sikuhitaji kufungua spika. Sadala alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"BIASHA!"

"Labeka, Baba."

"Dada yangu yuko hapa. Kanitukana tangu mlangoni. Sijamaliza hata kumwamkia." Akakohoa. "Kuna gunia."

"Ndiyo, Baba."

"Mdomo haujaguswa. Mshono ni ule ule. Nimefungua, nimekuta mpunga." Kimya kidogo. Nilimsikia shangazi kwa mbali akisema, muulize, muulize mwenyewe. "Nani kashona huku chini?"

"Mimi, Baba."

"Na juu?"

"Mimi."

"Ulipokuwa unashona juu, ulijua unachokishona?"

"Sikujua, Baba. Wala wewe hukujua."

Alinyamaza tena. Baba yangu mtu wa kucheka, sijawahi kumsikia anyamaze mara mbili kwenye mazungumzo mamoja. Sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa nimeiambia isithubutu.

"Na huku chini je?"

"Safari hii najua, Baba."

Upepo ulipita kwenye mivinje. Yasmin alikuwa amenishika kanga kwa nyuma, kaikaza mpaka inaniuma kiunoni.

"Abdulswamadu nitamwendea mwenyewe jioni hii hii," Baba akasema, na mara ya kwanza hakupiga kelele. "Mtu mwema haachwi kusubiri mpaka Ijumaa kusikia hapana. Huyo mpwa wangu yuko karibu?"

"Yuko."

"Mwambie kesho baada ya swala aje. Avae kanzu yake mwenyewe. Na Amri abaki Mbwera! Nikimwona Amri mlangoni kwangu, nafunga!"

Simu ikakatika. Yasmin akaanza kupiga vigelegele mpaka Mzungu wa watu akasimama kitandani. Sadala hakusogea. Alisimama kwenye mchanga, mwiko mkononi, wali wa pili unaungua nyuma yake, na machozi yanamtoka bila yeye kujua. Halafu kile kicheko chake kikarudi, chote, mpaka meno ya nyuma.

"Mke wangu," akasema.

"Bado," nikamwambia. "Leo niite Biasha. Nimelisubiri sana jina langu, na kesho posa ikishajibiwa utarudi kwenye mke wangu, sitalisikia tena."